Kibanio

Makambako upepo haupigi hodi.
Unaingia gereji kwa upenyo wa bati,
unazipeperusha washa nyepesi mezani,
nami nazifuata sakafuni na sumaku
kama mtu anayeswaga vifaranga.

Pampu imelala chali juu ya matairi mawili.
Niliitoa Wanging'ombe kwa lori la viazi,
ina kiota cha panya na karatasi ya mnada.
Mwenye hoteli wa Gangilonga anaitaka kabla ya Pasaka,
iwe nyekundu, ing'ae, iwashwe taa tumboni,
wageni wapige picha wakingoja chai.
"Ndani usihangaike," alisema. "Ndani nani ataona?"

Nilianza na ngozi.
Msasa wa themanini, kisha wa mia na ishirini,
kisha ule laini wenye sauti
ya mtu anayembembeleza mtoto alale.
Chini ya nyekundu palikuwa na kijani,
chini ya kijani rangi ya maziwa,
chini ya maziwa kutu,
na kutu ukiichokonoa haina chini.

Vikubwa si kazi. Mlango, fremu, mkono wa kuzungushia,
hivyo hata aliyelewa ulanzi atavirudisha.
Kazi ni vidogo:
skrubu ya shaba mfano wa punje ya mtama,
springi inayoruka ukikohoa,
riveti nne za kibati chenye jina la kiwanda,
riveti ambazo nimeziulizia hapa, Mbeya, hadi Kariakoo,
na wauzaji wakanitazama kama naulizia jino la kuku.
Basi nimezichonga kwa tupa, kutoka kwenye misumari.
Ya kwanza ilipinda. Ya pili iko mahali fulani humu ndani.
Ya tatu ilinichoma kidole.
Na usiniambie gundi.
Gundi italainika kwa jua la saa nane,
kibati kimwangukie mgeni kwenye supu.

Jana usiku nikafungua kisanduku cha tarakimu.
Magurudumu ya namba yalikuwa yameganda:
lita nne,
shilingi ishirini na tisa na senti sitini.
Nyuma yake, kwenye tundu la pini,
kibanio cha nywele.

Cheusi. Kimekunjwa kwa koleo,
ncha moja juu, ncha moja chini,
kama baba anavyokunja waya wa uzio mpaka leo.
Baba alizungusha pampu Ilembula kabla sijazaliwa.
Pampu zilikuwa nyingi, sikudhania.
Miaka ile vipuri havikuja, foleni ndiyo ilikuja,
na mtu alifunga alichokuwa nacho.

Sasa, mama aliolewa na kadi ya vibanio sita.
Vikabaki vitano.
Cha sita alisema amekichukua wifi yake, shangazi Twilumba,
na tangu hapo wawili hao huamkiana shingo upande,
kwenye misiba, kwenye kipaimara, hata juzi sokoni
wakigombea fungu moja la njegere.

Nikampigia simu, saa nne usiku.
Nikamweleza. Akanyamaza.
Nilisikia redio yake, na sufuria ikifunikwa.
"Kimenyooka," akauliza, "au kina mawimbi?"
"Kina mawimbi, mama."
"Changu kilikuwa kimenyooka."
Akakata.

Nilikaa na taa ya kichwani nikikigeuza.
Kilikuwa na mawimbi matatu upande mmoja.
Kwenye kopo ninazo pini mpya za chuma,
mia tano unapata kumi,
na moja nilishaibana mdomoni kwa midomo miwili,
ina ladha ya mafuta.

Nikaitema kopoini.
Kibanio nikakisugua kwa mafuta ya taa,
nikakirudisha tunduni,
ncha moja juu, ncha moja chini,
nikapaka grisi kwa unyoya wa kuku,
nikashika mkono nikauzungusha taratibu.
Magurudumu yakakwama, yakasita, yakaachia.
Kengele ikalia mara moja, upepo ukaitikia batini.
Lita tano za hewa.
Shilingi thelathini na saba kamili.

Sijui nimdai nani.